Papa Védaste Havugimana na Hesabu ya Ng'ombe Zenye Kifua Kikuu

Ndugu, majirani, marafiki, na wewe Mama Léoncie unayeketi mbele yetu, familia imeomba maisha ya Papa Védaste Havugimana yasomwe jinsi yalivyokuwa, pamoja na yale yaliyotuchokesha sisi watu wa nyumbani kwake.

Alizaliwa Kibumba tarehe 3 Machi 1959, mutoto wa tatu wa muzee Habumugisha na mama Mukamugema, wafugaji, akasoma shule ya msingi palepale Kibumba kuanzia mwaka 1966, kisha akaendelea na masomo ya mifugo huko Rutshuru, ambako alipata diplome yake Julai 1980.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa hapa Goma kama mukaguzi wa nyama katika abatwari, pale wanapochinja ng'ombe, na kazi yake ilikuwa kupasua mapafu na tezi za kila ng'ombe iliyochinjwa, na mara kwa mara alikuta ndani yake vipunje vya manjano, vikavu kama unga ulioshikana, ambavyo ni alama ya kifua kikuu cha ng'ombe. Mukubwa wake alimwambia, "Kata pale pabaya, tupa, nyama ingine itoke," naye alikata, akatupa, lakini alirudi nyumbani akijiuliza ni ngapi zenye ugonjwa ule zilizobaki mulimani zikikamuliwa kila asubuhi, na hakuna mutu aliyeweza kumujibu.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mama Léoncie, wakakaa Mabanga, na Mungu akawapa watoto watatu, Modeste, Christa na Tuyisenge.

Mwaka 2004 Tuyisenge, aliyekuwa na miaka mitano, alivimba shingo, na daktari alipofungua uvimbe ule akasema ni kifua kikuu cha tezi, akauliza mutoto anakunywa maziwa gani, na hapo Papa Védaste akaelewa, kwa sababu maziwa yalitoka kwa baba yake Kibumba, na yeye mukaguzi, aliyejua mambo yote ya abatwari, alikuwa akimuletea mutoto wake kila wiki bila kuchemsha, jinsi yeye mwenyewe alivyolelewa. Tuyisenge alipona baada ya miezi mingi ya dawa, yuko hapa mbele yenu, lakini tangu siku ile baba yake hakutulia tena.

Februari 2005 alipanda Kibumba na sindano za kupima ugonjwa ule, akachoma ngozi ya shingo ya ng'ombe kumi na nne za baba yake, akarudi siku ya tatu kupima, na tano zilikuwa zimevimba pale alipochoma, alama kwamba ziko na ugonjwa. Muzee Habumugisha hakukubali. "Hizi ndizo zilikusomesha, leo unakuja kuzihukumu? Angalia hii Gaju, iko na nguvu kunipita." Papa Védaste akajibu, "Baba, ugonjwa huu haukondeshi haraka, unakaa ndani, unangoja." Hawakusemeshana miaka miwili, hata kwenye misa waliketi mbalimbali, mpaka Gaju ilipoanza kukohoa na muzee akaileta mwenyewe abatwari, akasimama kando wakati mutoto wake anapasua mapafu, akayaona yamejaa vipunje, akasema tu, "Basi, enda na kwa wengine."

Alienda, miaka kumi na miwili, Kibumba, Rutshuru na Masisi, kwa miguu na kwa pikipiki, likizo zote na Jumamosi nyingi, akapima mazizi arobaini na sita, akakuta kwamba zaidi ya nusu ya mazizi hayo yalikuwa na ng'ombe moja ao zaidi yenye kuvimba, na kwamba katika kila ng'ombe mia alizochoma, karibu nane zilikuwa na ugonjwa, ingawa alituonya kila mara kwamba hiyo ni hesabu ya mazizi yake, si ya Kivu nzima. Ikaja vita, ng'ombe zikaporwa, zikachanganyika, zikahama, na yale aliyoyaandika yakawa ya bure, naye akaanza upya.

Mei 2021, volkano ilipotutimua mpaka Sake, Mama Léoncie alimutazama njiani akamuuliza, "Papa Modeste, umebeba makaratasi ya ng'ombe, ukaacha viatu?" Na Novemba 2022, watu wa Kibumba walipokimbia vita wakaja huku na ng'ombe zao, alipita kwenye mahema akihimiza wamama kuchemsha maziwa, na mama mumoja akamuuliza, "Makala ya kupikia tutoe wapi, muzee?" Swali lile lilimuumiza, akaacha kuhimiza, akaanza kutafuta kuni pamoja nao.

Mwaka 2023 mugongo ulianza kumuuma, naye akauficha, na tarehe 11 Juni 2024, siku moja baada ya kuchoma ng'ombe nane za mufugaji Janvier pembeni ya mji, miguu ilikataa, tukamupeleka hospitali, na Daktari Akonkwa akakuta kifua kikuu cha uti wa mugongo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Imetoka kwa ng'ombe ao kwa mutu?" Daktari alimwambia ukweli, kwamba kipimo cha kutofautisha kinafanyika mbali, na jibu halijafika mpaka leo.

Janvier, ambaye zamani alimufukuza kwa fimbo, alingoja siku ya tatu, akaona hakuna mutu, akapima uvimbe mwenyewe kwa kamba, akafunga fundo kwenye kamba kwa kipimo cha kila ng'ombe, akaileta kamba ile kitandani kwa Papa Védaste. "Mbili zimevimba, nimezitenga." Papa Védaste alishika mafundo moja moja, akaomba kalamu, akaandika.

Alitutoka Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano, ameacha mujane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inashukuru Daktari Akonkwa na wauguzi, majirani wa Mabanga waliotupikia siku hizi zote, wenzake wa abatwari waliobeba jeneza, na wafugaji waliomufungulia mazizi, hata wale waliochelewa kufungua. Papa Védaste, kazi uliyoweza umeifanya, lala sasa kwa utulivu.