Masomo Thelathini na Moja

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Simu lina mguu mmoja mfupi, na anayekalia upande huo hana budi kujikaza. Siku hiyo Mwalimu alijikalia huko kwa hiari yake, kompyuta mapajani, kahawa ikimpolea pembeni. Mtu wa kutwa kubishana, leo kimya! Wenzake wakajua hapa pana jambo. Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu wa mahakama yoyote ila hukata kila shauri la mtaa, ndiye aliyemchokoza.

— Mwalimu, umemeza nini leo?

— Sauti za mke wangu zimefutika.

Kikombe cha Hakimu kiliishia njiani. Marehemu alikuwa mwalimu wa fizikia, shule moja na mumewe. Alipozidiwa na ugonjwa alirekodi masomo akiwa kitandani, thelathini na moja, akayaweka kwenye darasa la mtandaoni ili wanafunzi wake wasibaki nyuma. Wanafunzi hao walishamaliza shule. Yeye ana mwaka na nusu kaburini.

— Nani kazifuta? Fundi aliuliza, akiweka bisibisi chini.

— Mimi. Shule imetuwekea kidubwasha ndani ya kompyuta, cha kupanga faili za masomo. Na kinapanga, sikufichi. Kikaniuliza, "Niondoe zisizotumika?" Nilikuwa na haraka ya mitihani, nikabonyeza ndiyo.

— Ah, hapo pameharibika nini? Zipo kwenye pipa la takataka.

— Pipa linajimwaga baada ya siku thelathini. Leo ni ya arobaini na mbili.

Fundi akajikuna kisogo.

— Basi wenye mitambo wanazo. Wale hawatupi kitu.

— Hawatupi ng'o! Hakimu akadakia. Kidubwasha chenyewe mtego huo. Wanakusanya sauti za walimu wazuri.

— Wazifanyie nini? Mwalimu aliuliza.

— Watengeneze mwalimu wa mashine! Kesho utasikia mkeo anafundisha nchi usiyoijua, kwa lugha ambayo hakuwahi kuizungumza.

— We Hakimu, hebu muonee mwenzio huruma, Mama Kahawa alimkemea, birika mkononi.

— Huruma ndiyo hii, namtahadharisha. Watafika mpaka kupiga simu. Mwalimu, wakikupigia kwa sauti yake, utapokea?

Mwalimu alitaka kusema angepokea. Kisha akajiona muongo, akaifunga kompyuta.

Hapo ndipo alipotokea shemeji yake, mdogo wa marehemu, flashi mkononi. Mama yao macho yamekwisha, picha hazimsaidii tena, na alikuwa ameomba asikie sauti ya mwanawe. Mwalimu alikuwa ameahidi kumwekea zote siku hiyo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Shemeji, nimefika, alisema akimnyooshea flashi. Mama hajanipa raha tangu asubuhi, anauliza kama nimeshaondoka.

Mwalimu alimtazama Fundi. Ikabidi Fundi amsimulie, mwanzo hadi mwisho. Shemeji alisikiliza amesimama. Hakulia, hakugomba. Aliuliza tu:

— Hicho kitu kinajuaje faili gani haitumiki?

Fundi aliona swali jepesi, akalijibu kwa furaha ya mtu anayejua kazi yake.

— Kinaangalia tarehe. Ile ambayo haijafunguliwa mwaka mzima, ndiyo kinaomba kuiond...

Akakatiza mwenyewe. Shemeji alimgeukia Mwalimu.

— Mwaka mzima, shemeji? Hata moja?

Kila jioni, mpaka mitihani ilipomzidi, Mwalimu alifungua darasa lile. Alisoma majina ya masomo kama mkewe alivyoyaandika, la kwanza mpaka la thelathini na moja. "Mkondo wa umeme, sehemu ya pili." Kidole alikiweka juu ya jina, hofu ikamshika, akafunga kompyuta akaenda kulala. Kidubwasha hakikuwa na habari na hayo. Chenyewe kiliona faili ambazo hakuna aliyezigusa.

Mwalimu alimtazama Hakimu. Hakimu alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Mama Kahawa aliinua birika ammiminie mgeni, akalikuta tupu, akaliweka chini polepole.

Shemeji alikuwa bado amenyoosha mkono wenye flashi.