Pingamizi la Ndege ya London

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili, ukutani mwa duka la Mhindi, Bazaar Street, karibu kabisa na Msikiti wa Jamia. Mwenye dele la kahawa ni mimi, Munir, kwetu Mombasa, na nataka ijulikane mapema kwamba mimi nauza kahawa, siuzi maneno. Maneno wanakuja nayo wenyewe. Asubuhi hiyo ya mwaka hamsini na saba walikuwa wameshakaa wale watatu wangu wa kila siku. Isaiah, karani kutoka Maragoli, tunamwita Matangazo, kwa kuwa ndiye anayesoma matangazo kanisani kwao, na hata bei ya sukari hawezi kukuambia mpaka asimame. Oloo, fundi viatu, tunamwita Rubani. Wakati wa vita alifagia uwanja wa ndege wa Eastleigh, na tangu hapo hakuna wa kumfundisha kitu juu ya ndege. Wa tatu ni Mohdhar, mwenye duka la vitambaa, tunamwita Yadi, maana ile fimbo yake ya kupimia haimtoki mkononi, na mkibishana anakuonyesha nayo usoni mpaka unyamaze.

— Saa nne! akasema Isaiah, amesimama, kikombe mkononi. Saa nne leo gavamenti inakaa kusikiza kesi ya ndege. Mlango wazi, mtu yeyote anaingia.

— Kesi gani? nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeisikia wiki nzima mpaka imenichosha.

— Munir, kahawa imekuziba masikio? Kampuni mpya imeomba laisensi ya kupeleka ndege London kwa nauli ya chini. Ile kampuni kubwa ya zamani inasema hapana, hii njia ni yetu. Sasa gavamenti itasikia huyu, itasikia yule, halafu itakata shauri.

— Hiyo si kesi, akasema Oloo. Hiyo ni wivu tu.

— Ni kama ndoa! Sikizeni. Mtu akitaka kuoa kanisani kwetu, mimi natangaza Jumapili tatu. Fulani anataka kuoa fulani, mwenye pingamizi aseme. Hata hii wameandika kwa gazeti ya serikali vilevile: kampuni fulani inataka njia ya London, mwenye pingamizi aseme. Sasa kampuni ya zamani imesimama pale nyuma, kama yule mwanamke alisimama kwetu na mtoto mgongoni akasema bwana harusi ni wake.

— Na ile harusi ikawaje? Mohdhar akauliza.

— Ikavunjika! Kwa nini? Upande wa bwana harusi hakuna mtu alisimama kumtetea. Ndiyo maana nasema, kampuni mpya lazima ipate shahidi. Si mtu wa kusoma, hapana. Mtu mwenye uchungu. Akisema neno moja, bwana mkubwa aweke kalamu chini.

Shahidi tulikuwa naye, na ndiyo sababu kila mmoja alikuwa akitupa jicho mwisho wa barabara. Ni Philister, anayefua nguo kwa memsahibu mmoja wa Spring Valley, mtaa wa wazungu. Mumewe, Joash, alikuwa mpishi nyumba ya pili yake. Bwana wake alipohamia Ulaya alimchukua, akasema ni miezi sita tu, mpaka memsahibu azoee jiko la huko. Huu sasa ni mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza zilikuja barua. Wa pili ikaja kadi ya Krismasi yenye picha ya theluji. Baadaye kimya. Kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko, Philister anashuka mjini kwa miguu, anasimama kando ya benchi letu, kwa kuwa Oloo ni wa ukoo mmoja na Joash, anauliza kama kuna habari. Habari hakuna. Na mimi nawauliza nyinyi, utamwambia mtu hakuna, hakuna, hakuna, mpaka lini? Sijui kati yetu nani alianza, lakini siku moja badala ya habari za Joash tukampa habari za ndege, kwamba ndizo zinazomchelewesha, akaenda zake uso umekunjuka. Alhamisi iliyofuata tukampa nyingine.

Asubuhi hiyo Philister akatokea. Amevaa gauni lake la kanisani, la buluu, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Viatu alikuwa amevishika mkononi njia nzima. Akaegemea ukuta, akafuta miguu, akavivaa.

— Hamjambo?

— Hatujambo, shemeji, Oloo akajibu. Leo umependeza wewe!

— Nimekuja. Niambieni nikaseme nini.

Nilimnyooshea kikombe. Akakataa kwa mkono. Akarekebisha kitambaa cha kichwani, masikini, ingawa kilikuwa sawa.

— Kwanza uelewe kesi yenyewe, akasema Oloo. Ndege ya kampuni kubwa ni hoteli, shemeji. Iko na barafu, iko na vijiko vya fedha, mzungu anavua viatu analala. Mpishi watamweka wapi? Joash akifika mlangoni wanamwambia jikoni kumejaa. Sasa hii ya kampuni mpya ni ndege ndogo. Ikichoka inalala njiani kama mtu. Inalala Khartum, inalala Malta, asubuhi inaamka. Hiyo inachukua hata mwalimu, hata fundi. Joash anangoja hiyo.

— Alikwambia? Mohdhar akauliza.

— Kwani lazima aniambie? Mimi ni mtu wa ndege.

— Wewe ni mtu wa fagio.

— Fagio ya ndege! Na tena nikuambie, Yadi. Huko juu kuna barabara. Msidhani ndege inajiendea tu kama kunguru. Kampuni kubwa imeshika barabara yote, kutoka Eastleigh mpaka London, imeweka geti. Laisensi ndiyo ufunguo ya geti.

— Geti la hewani limesimamishwa juu ya nini? nikamuuliza.

— Juu ya redio, Munir. Uliza kitu ingine.

Philister hakucheka. Alikuwa akimtazama Oloo mdomoni, anameza kila neno. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma kila Alhamisi. Sisi tulikuwa tunacheza, yeye alikuwa anasikiliza.

Mohdhar akapiga fimbo yake chini.

— Nyinyi wote mmelala. Anayepinga si kampuni. Wanaopinga ni mamemsahibu wa Spring Valley.

— Ehe! akasema Isaiah. Leta.

— Mpishi akikaa Ulaya mwaka mzima, ameona nini huko? Amemwona mzungu akiosha sahani zake mwenyewe. Amemwona akifagia kizingiti chake, akibeba makaa, akifua soksi. Haya. Mpishi huyo arudi, aingie jiko moja tu pale Spring Valley asimulie. Wallahi, kufika Jumapili Nairobi nzima hakuna chai itakayopelekwa mtu kitandani! Basi mamemsahibu wamekaa na kampuni kubwa, wakaambiana: wapishi kwenda, ndiyo. Wapishi kurudi, la, hata kidogo.

Hapo Philister akacheka. Akacheka kwa sauti, mkono mdomoni, na mimi nikafurahi kupita kiasi, nikajimwagia kahawa vidoleni.

— Basi akirudi nitamwambia asisimulie, akasema. Nitamfunga mdomo mimi mwenyewe. Arudi tu.

Isaiah akakohoa, akamnyang'anya Mohdhar fimbo, akasimama wima.

— Haya, tujaribu. Mimi ni bwana mkubwa. Mama, una pingamizi gani?

— Sina pingamizi, bwana.

— Hapana, hapana! Sema: napinga pingamizi.

— Napinga pingamizi.

— Ya nani?

— Ya... ya kampuni kubwa. Bwana, mimi nataka mume wangu.

— Usiruke! Kwanza unataja kampuni, halafu laisensi, halafu ndipo mume.

— Isaiah, nikamwambia, mwache ataje mume kwanza. Utaratibu wako wa kanisani peleka kanisani.

— Munir, wewe uza kahawa.

Wakati huo alikuwa ameshafika mteja ambaye hatukumjua. Mkamba mmoja wa makamo, ana kikapu cha vinyago, twiga na vifaru, wa kuwauzia wageni mahotelini. Alisema anaitwa Nthiwa na leo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa mtaa huu. Alipewa kikombe akakaa mwisho wa ubao, heshima yote, akasikiliza tangu geti la Oloo mpaka hapa. Kikombe kilipoisha akakiweka chini taratibu.

— Samahani wazee, akasema. Mimi ni mgeni, kesi hii siijui vizuri. Naweza kuuliza?

— Uliza, baba, akasema Oloo. Hapa ndipo mahali pake.

— Mume wa huyu mama alienda Ulaya na nini?

— Na ndege, bwana! Ulifikiri alitembea?

— Ndege ya kampuni gani?

— Hiyo kubwa. Wakati ule mpya haikuwako.

Nthiwa akatikisa kichwa, anafikiri kweli, na Mungu ni shahidi yangu hakuwa na ubaya wowote usoni.

— Na ile ndege iliyompeleka, akauliza, yenyewe haikurudi?

Nilimtazama Oloo. Oloo akavua kofia. Mohdhar alikuwa anatafuta fimbo yake, kumbe iko kwa Isaiah, na Isaiah, ambaye sikumwona hata siku moja akikosa la kutangaza, alikuwa ameishusha fimbo na kutazama viatu vyake. Mie nilitamani kumpiga yule Mkamba na dele la moto. Nasema kweli, nilimchukia.

— Nauliza tu, Nthiwa akasema, ameanza kuona kwamba kuna kitu. Labda ilianguka. Kama ilianguka, poleni.

— Haikuanguka, akasema Philister.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekuambia nguo zimekauka.

— Ilirudi. Inarudi kila wiki. Inapita juu ya Spring Valley nikiwa naanika. Zamani nilikuwa nakimbia mpaka barabarani, nikidhani labda ataniona kwa juu anipungie mkono. Memsahibu alikuwa ananicheka. Siku hizi sikimbii. Nashika kamba tu, nangoja ipite.

— Shemeji, Oloo akaanza.

— Mlijua?

Mohdhar akainamia kikombe chake, na Philister akatugeukia sote.

— Nawauliza, shemeji. Mlijua kwamba kama angetaka kurudi angesharudi?

Oloo alikuwa anaipindapinda kofia magotini. Mtu mzima, macho yamejaa maji.

— Sisi tulikuwa tunangoja na wewe, shemeji. Basi. Hatukujua kitu ingine cha kufanya.

Philister akamtazama, akatutazama sisi wote. Nilidhani atatutukana, na angetutukana ningenyamaza. Lakini alivuta pumzi, akaketi. Miaka yote ile hajawahi kukaa kwenye benchi letu. Mohdhar na Nthiwa wakasogea upesi, kila mmoja upande wake, na yeye akakaa katikati na gauni lake la buluu, mikono mapajani. Nikammiminia kahawa bila kumuuliza. Akainywa, ikamchoma ulimi, uso ukakunjamana kwa uchungu wake, akaimaliza hivyo hivyo.

Nje ya duka Mhindi alikuwa anatoa mabunda yake na kuyapanga. Watu wakipita wanatusalimu.

— Saa nne bado? Philister akauliza.

— Imekaribia, dada, akasema Isaiah kwa sauti ndogo. Lakini si lazima tena. Kama hutaki, turudi siku nyingine.

— Nataka.

Akainuka. Akajikung'uta nyuma ya gauni, akanirudishia kikombe mkononi, si chini kama wanavyofanya wengine.

— Utasema nini sasa? Isaiah akamuuliza.

— Nitasema kampuni mpya wapewe. Nauli ikishuka, nitafua za memsahibu na za jirani na za yeyote, mpaka nipate ya kwenda mimi. Sitaki tena kuletewa mtu. Nataka kumwona tu, Isaiah. Hata kama ana mwingine. Hata kama amenenepa, hata kama atajifanya hanijui. Nimwone kwa macho haya, halafu nikianika nguo nijue naanika nguo.

— Twende nikusindikize, akasema Oloo.

— Hapana, shemeji. Kaa.

Akavuka barabara peke yake, haraka, akielekea upande wa korti, ziliko ofisi za gavamenti inakosikizwa ile kesi. Viatu vilikuwa vinambana, tuliona. Akapinda pale kwenye duka la saa, hakugeuka nyuma. Mohdhar akaomba fimbo yake, Isaiah akampa.

Nthiwa akajikusanya na kikapu chake cha twiga.

— Wazee, nimekosea? akauliza. Kama nimekosea niambieni.

— Hukukosea, nikamwambia, na nikamjazia kikombe kingine, maana alikuwa mgeni. Hukukosea, ndugu yangu. Ila ungetuachia tuendelee kungoja.