Mkunga na Gari la Betri

Mkunga alikuwa amekwisha kukata shauri kabla hajapanda treni: leo ananunua gari. Kosa lake ni kumwambia mzee aliyeketi kando yake kwamba ni haibridi, la mtumba, linalotumia petroli na betri. Mzee huyo, dereva wa teksi mstaafu, aligeuka mzimamzima.

"Mwanangu, hiyo betri kubwa ikifa, umenunua kabati. Chukua la petroli tupu."

"La petroli ndilo lililoniacha njiani, baba, na mzazi ana uchungu kiti cha nyuma. Mtoto nilimpokelea humo humo."

Mzee akameza mate, ila maneno hakuyameza. "Basi likague likiwa baridi. Injini iliyokwisha kupashwa moto husema uongo kama shahidi aliyefundishwa."

Hilo lilimwingia mkunga. Akampigia muuzaji papo hapo, amwombe asiliwashe mpaka afike.

"Usijali, dada!" muuzaji akajibu kwa uchangamfu. "Linanguruma tangu asubuhi, nakuandalia."

Mzee, ambaye sikio lake nusura liingie ndani ya simu, akacheka kwa pua. "Unaona? Rudi nyumbani."

Mkunga akampa mzee kisogo, simu ingali sikioni. "Kaka, lizime. Nitakaa kando yake mpaka lipoe. Watoto wa watu nimewasubiri usiku kucha, sembuse injini?"

Treni ikasimama, naye akashuka.

"La petroli!" mzee alimpazia sauti dirishani.

"Haibridi!" akajibu bila kugeuka, akaongeza mwendo.