Koti la Kinuthia na Mkono wa Ngendo

Wachungaji, wazee, majirani wa Tetu na Ruring'u, familia imemteua Kingori, shemeji wa marehemu, awasomee maisha ya Mama Grace Ngendo Kinuthia, nanyi mtamvumilia, kwa sababu yeye mwenyewe yumo humu ndani, tena si mahali pazuri.

Ngendo alizaliwa tarehe 22 Septemba 1957 hapa Tetu, mtoto wa tano wa Mzee Mburu na Mama Wangui, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1972, karo ikakosekana, lakini tayari alikuwa amefumua sweta mbili za mama yake zilizotoboka viwiko na kumfumia moja nzima. Mwaka wa 1974 alijifunza ushonaji mjini Nyeri, akaanza na cherehani ya kukodi kwenye baraza la duka, na mwaka wa 1989 akafungua kibanda chake Ruring'u, karibu na uwanja wa michezo, alikofanya kazi miaka thelathini na nne.

Huko alitenda mambo ambayo mtu alitazama kwa macho na bado asiamini, suruali kuukuu za wazee zikawa sketi za wasichana, mapazia ya kanisa yakawa majoho ya kwaya, na bibi mmoja alileta gauni lake la harusi lililoliwa na panya, akarudi nyumbani na nguo mbili za ubatizo, nyeupe pe, wala hakuuona mshono. Wanafunzi wake aliwafundisha kufumua kwa wembe, uzi kwa uzi, na makasi yakae mbali, akiwaambia, "Ukikunja, kitambaa itakungoja, ukikata, imeenda."

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na Kinuthia, mpima maziwa wa chama cha ushirika, wakajaliwa Hezekiah mwaka wa 1983 na Njoki mwaka wa 1987. Kinuthia alikuwa na koti kubwa la sufu la kijivu, alilolinunua sokoni Karatina, na kila alfajiri watu walilitambua koti kwenye ukungu kabla ya kumtambua mwenyewe.

Kinuthia alituacha tarehe 9 Mei 1998, na kwa desturi yetu nguo za aliyekufa huogopwa, huwekwa mbali au kupewa watu wasiojulikana. Julai hiyo, baridi ikiuma kama kawaida yake, Ngendo alimtoa Njoki, mwenye miaka kumi na mmoja, akiwa amevaa koti dogo la kijivu lililomkaa sawasawa, na Kingori akasimama langoni na kupaza sauti, "Umekata ndugu yangu na makasi! Ati mtu amezikwa juzi, na koti yake inaenda shule?" Mtoto alisikia kila neno, akasema, "Mum, hii koti ni nzito, ni kama mtu amenishika," akalivua palepale, akaenda shule akitetemeka, wala hakulivaa tena. Ngendo alilikunja na kulifungia sandukuni, na Kingori hakunywa chai katika nyumba hiyo kwa miaka ishirini na saba, hata suruali yake ikichanika aliipeleka kwa fundi wa Kiganjo, akipita kibanda cha shemeji yake akiangalia ng'ambo.

Ngendo alisomesha watoto wake kwa sindano, Hezekiah akawa fundi wa umeme, Njoki mwalimu kule Embu. Aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka wa 2016, figo zikamsumbua kuanzia 2023, akafunga kibanda. Mwezi uliopita Njoki aliomba ruhusa kazini aje kumuuguza, na tarehe 21 Juni, miguu ya mama ikiwa baridi, alilitoa lile koti amfunike, akaona halitoshi, akachukua wembe afumue pindo aliongeze kidogo. Pindo liliteremka, likateremka tena, likafika sakafuni, mikono nayo ikafunguka mara mbili, mabega yakapanuka, na likasimama mbele yake koti zima la baba yake, halijaguswa na makasi hata mahali pamoja. Ule uzito alioulalamikia utotoni ulikuwa huo. Kingori aliitwa, akalipapasa mshono kwa mshono, akauliza kwa nini hakusema miaka hiyo yote, Ngendo akajibu, "Hakuna mtu aliniuliza," kisha akamwambia Njoki, "Mwekee huyu chai, anatetemeka." Kingori alikunywa, na hajapata kunywa chai ngumu kumeza kama ile.

Ngendo alilala tarehe 3 Julai 2025, akiwa na miaka sitini na saba, ameacha watoto wawili na mjukuu mmoja, Lynn. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maziwa, na mafundi wa Ruring'u, walioshona kwa vipande vya kibanda chake kitambaa hiki kilichofunika jeneza. Mnamwona Njoki hapo mbele, koti likimfika miguuni, na anayeuliza kama ni la marehemu baba yake, aambiwe kwamba ndilo.

Ngendo, shemeji yangu, pumzika kwa amani, ndugu yangu hukumkata.