Abshiro Billow na Kifua cha Naimo

Wasikilizaji wapendwa wa Garissa, wa Hagadera, na hata ninyi wa mbali kule Banissa, asalaam aleikum. Leo tunamkumbuka Abshiro Billow, mchuuzi wa mbuzi wa mtaa wa Iftin. Ametutoka wiki jana kwa uzee, kitandani mwake, wanawe wakiwa karibu.

Soko lote lilimjua Abshiro. Mbuzi wake walichanjwa homa ya mapafu kila mwaka. Wajukuu wake, hapana. Mtoto akikohoa, alimnunulia vidonge viwili vitatu dukani. Kikohozi kikipoa, dawa inaachwa.

Mwaka wa mafuriko, 1997, mjukuu wake Naimo alishikwa na nimonia. Alikuwa na miaka miwili. Kifua kilibonyea kila alipovuta pumzi. Hospitalini akadungwa penisilini. Kesho yake, homa ile ile. Abshiro alimpakata, akahisi mbavu zile ndogo zikihangaika, na hofu ikamwingia.

"Daktari, sindano imeshindwa?"

"Mama, kidudu kinacholeta nimonia hii kina aina nyingi. Hii imeizoea penisilini. Dawa zikitumiwa ovyo na kuachwa katikati, vidudu vinakuwa sugu. Tunambadilishia dawa."

"Na chanjo iko?"

"Ya kidudu hiki, kwa watoto wachanga, bado inatafutwa. Lakini ya surua na kifaduro ipo. Magonjwa hayo humdhoofisha mtoto, nimonia ikampata kwa urahisi."

Abshiro alimtazama Naimo. Kisha akasema, "Mbuzi nimechanja. Huyu nimeacha. Wallahi, mimi mjinga."

Dawa mpya ilifanya kazi. Bintiye Istahil, mama yake Naimo, anasimulia: "Asubuhi mtoto aliamka, akaomba maziwa. Hooyo, mama yangu, akacheka, akalia, akacheka tena. Akaketi pale pale sakafuni. Alhamdulillahi, alisema, alhamdulillahi."

Barabara zilipokauka, Abshiro aliwapeleka wajukuu wote kliniki. Jirani yake Keynan alikuwa akigoma kumchanja mwanawe.

"Keynan, ngamia wako umechanja?"

"Nimechanja, eddo," akajibu, akimwita shangazi kwa heshima.

"Basi lete mtoto."

Akamleta.

Naimo alikua, akasoma duksi, madrasa ya Kurani. Mwalimu wake alisema hakuna aliyemshinda kwa sauti ya kusoma.

Kwa Istahil, kwa Naimo, kwa ukoo wote, poleni sana. Mungu amrehemu Abshiro Billow. Na wewe unayenisikiliza, mtazame mtoto aliye karibu nawe. Amechanjwa? Dawa aliyopewa, ameimaliza?