Hezroni Ndahani na Ndege Aliyemwita Mkwe

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 14 Machi 1996, hatukulala. Kaka yangu Hezroni alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya, siku ya sita, mkewe Sechelela akimwuguza. Nyumbani tulikuwa tunangoja habari, mimi dada yake Zipora na binti yangu Lydia. Saa kumi kasoro robo gari lilisimama nje. Lilikuwa gari la kampuni ya utalii. Lililofuata nitalisema mahali pake. Kwanza aelezwe mtu mwenyewe, maana wapo waliokaa hapa leo ambao walimfahamu kwa kidole chake tu.

Marehemu Hezroni Ndahani alizaliwa kijijini Chamhembe mwaka 1947, mwaka ambao matrekta ya karanga yalifika Kongwa. Alibatizwa Jumapili, tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Mimi nilimfuata kuzaliwa. Utoto wetu ulipita juu ya kichanja, tukiamia ndege. Uwele ukianza kukomaa tulipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, tangu alfajiri hadi jua linazama, kwa sababu kundi moja likitua mmelala, mwaka huo mna njaa. Siku moja nilisinzia. Nilipoamka, upande mzima wa shamba ulikuwa mabua matupu. Baba akauliza nani alilala. Hezroni akasema, "Mimi." Akachapwa yeye. Tangu siku hiyo sijawahi kumpenda ndege yeyote.

Alisoma shule ya misheni darasa la kwanza hadi la nne, 1957 hadi 1960. Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na Sechelela, wakajaliwa watoto wanne. Hakuna aliyewahi kusikia wakigombana, na mimi nilikaa jirani nao miaka yote, nikisikiliza.

Mwaka 1965 aliajiriwa kuchunga ng'ombe wa ranchi, akapanda hadi kuwa mnyapara. Juni 1992 alipunguzwa kazi pamoja na wenzake, akarudi kwenye mizinga yake ya nyuki mlimani. Huko msituni ndiko alikomwona yule ndege, mdogo, wa kijivu, kifua rangi ya chungwa, anayeimba vizuri na kujificha ukimtazama. Akamwita Mkwe, kwa ile heshima ya mtu na mkwewe kufichana nyuso. Mwaka uliofuata kampuni ikaja kutoka mjini na wageni wenye darubini. Wakasema ndege wa aina hiyo wamebaki wachache mno duniani, na jina walilompa hakuna hapa anayeweza kulitamka. Hezroni akawa mwongozaji wao. Watu walimcheka.

"Shemeji, mkwe hajambo leo?"

"Hajambo, ila anasema mna kelele."

"Mtu mzima unalipwa kwa kunyoosha kidole!"

"Kinyooshe na wewe, tuone kama watakulipa."

Kisha kampuni ikaleta mashine ya kanda. Wageni hawakutaka tena kukaa kimya na kungoja. Waliicheza sauti ya Mkwe karibu na kiota, naye akadhani mwenzake amekuja kumnyang'anya makazi, akaacha mayai na kutoka kupigana na kichaka. Wageni wakapiga picha, wakaondoka, wakaja wengine. Tarehe 8 Januari 1996 Hezroni alimkabili mkubwa wa kampuni mbele yetu.

"Nimeamia ndege tangu nina miaka sita. Najua ndege anavyofukuzwa. Hiki mnachofanya ni kuamia."

"Mzee, wageni wametoka mbali."

"Na yeye ametoka wapi? Yuko kwake. Mimi siwapeleki tena."

Walimfukuza kazi siku hiyo hiyo. Yeye peke yake ndiye aliyejua kiota kipya alichojenga Mkwe kiko wapi, yeye na Lydia, aliyekuwa akimpelekea chai. Tarehe 20 Januari, Hezroni akiwa kwenye mizinga, walimtuma mtu nyumbani kwangu: mjomba ameteguka mguu pale anapokaaga, Lydia awahi na kitambaa cha kumfunga. Mtoto akapanda mlima mbio. Wao wakamfuata nyuma na mashine yao. Mjomba hakuwepo, wala hakuwa ameteguka. Kiota kilikuwepo.

Hayo wayasikie, maana wameketi safu ya pili na shada lao la maua.

Mkwe na mwenzi wake walihama. Hezroni alipanda kila alfajiri kuwangoja, kwenye mvua ya Februari, akikataa hata mwavuli ili asiwatishe. Hawakurudi. Alirudi yeye na kikohozi, na tarehe 8 Machi alilazwa kwa homa ya mapafu.

Sasa niseme la gari. Aliyebisha hodi alikuwa Hashimu, dereva.

"Mama Lydia, fungua. Mzee anakuita. Sechelela amenituma nikuchukue."

Nikamjibu bila kuinuka, "Mguu umeteguka tena?"

"Sikutanii, mama. Wageni nimewaacha wamelala Kongwa, gari nimelichukua bila ruhusa."

"Lydia haendi mlimani."

"Simtaki Lydia! Nakutaka wewe!"

Lydia alishika komeo. Nikamwambia aliachie. Hashimu aligonga mpaka jogoo wakawika, kisha gari likaondoka, nami nikajiona nimemlinda mwanangu.

Hezroni alifariki saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kutoka kwangu hadi hospitali ni mwendo wa saa moja kwa gari. Sechelela anasema aliuliza mara tatu, "Zipora amefika?"

Hashimu yupo hapa, amesimama na wachimba kaburi, na amefukuzwa kazi kwa safari ile. Kwake naomba radhi mbele ya wote. Kwa waliomtuma mtu wa Januari sina radhi ya kuomba wala ya kutoa. Shada lao warudi nalo, na Lydia wasimuulizie tena.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu sita, mpwa wake Lydia, na dada mmoja, ambaye kaka yake alichapwa kwa ajili yake akaona sawa.

Mungu amfungulie. Mimi sikufungua.