Ndoo ya Mama Msafishaji na Ukuta wa Plaiwudi

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, na wewe mama msafishaji uliyejibanza kule nyuma: sogea mbele, shughuli hii ni yako pia.

KARIBU KARAKANANI
Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa mioyo mikunjufu. Habari hazifichiki hapa. Tunajua kuwa kabla hujaondoka utaamua kozi ipi ifungwe, Usanifu wa Viwandani au Usanifu wa Bidhaa.

TULIKOTOKA
Karakana ilikuwa moja. Wakubwa wakanuniana, ukuta wa plaiwudi ukapigwa katikati. Wa Bidhaa wakabaki na madirisha, wa Viwandani wakabaki na mashine. Nasi tukaanza kusemana.

"Nyie kazi yenu kuchora mawingu!"

"Na nyie mnafyatua vitu kama matofali, mtumiaji hamjamwona hata kisogo!"

Kusema kweli, umbea ulinoga kuliko masomo.

TULICHOFANYA
Vidole vya mama huyu vimekakamaa kwa kubeba ndoo. Wa Bidhaa walikaa naye wiki mbili, wakampima kiganja, wakamtengenezea ndoo yenye mpini mnene, laini kama shingo ya bata. Moja tu, kwa miezi mitatu. Wa Viwandani wakatoa ndoo mia kwa siku moja. Zote zilimkata vidole.

Mama akazigonganisha ndoo zile ukutani. "Wanangu, hawa wanaujua mkono wangu, wale wanaweza kuifikia mikono ya wenzangu wote. Mbona hamsalimiani?"

Wiki hiyohiyo mtu alitoboa ukuta. Hatumtaji, tulikuwa wengi. Mpini ukapita tunduni kwenda kwenye mashine, ukarudi umekuwa kalibu ya kumiminia plastiki.

KINACHOTUKWAZA
Tundu ni dogo. Kichwa kinapita, meza haipiti.

TUNACHOOTA, TUNACHOOMBA
Tunaota macho yakiwa wazi. Tunaona ndoo hiyo katika kila korido ndefu ya hospitali, akina mama wakinyanyua maji kama wananyanyua mvuke. Tunaona jua la madirishani likitambaa sakafuni, taratibu, hadi linalala juu ya mashine. Kisha tunageuka, plaiwudi ileile.

Tafadhali, usichague. Ukifunga upande mmoja, mama atarudi kwenye ndoo inayomkata, au wenzake hawataipata yao kamwe.

Utepe wa kukata hatukuandaa. Mama anakuletea ndoo. Ishike mpini kwanza, uusikie. Ndani ya ndoo kuna nyundo.

Mungu aijalie mikono yako isiumwe kamwe.

Ni sisi, wanafunzi wa karakana, pande zote mbili.